Mafuta Ndani ya Kibuyu cha Mama

Shamba letu la chai liko kwenye mteremko ambao ukiangusha kikapu juu, utakiokota mtoni. Nilichuma chai hapo tangu ujana wangu, na miaka ya tisini ilipoingia magoti yangu yakaanza kulalamika. Yalilalamika nikipanda, yakalalamika nikishuka, na yalilalamika zaidi nilipopiga magoti kuomba. Kwa mzee wa kanisa, hilo ni tatizo la kazi. Nikawa naomba nimesimama. Mungu hakusema neno, lakini mke wangu alisema.

"Mzee, ukiomba umesimama hivyo watu watafikiri una safari."

Mjini Kericho palikuwa na mwenye duka la dawa, mtu aliyetoka upande wa Nyeri, muumini mwenzangu tuliyejuana katika mikutano ya maombi. Nilimweleza habari za magoti yangu. Akainama chini ya kaunta, akatoa chupa kubwa yenye picha ya samaki anayetabasamu.

"Mafuta ya ini la samaki," akasema. "Kijiko kimoja kidogo asubuhi, ukishakula. Kijiko, mzee, si kikombe. Nawajua watu wa huku, kitu kikiwapendeza hamna breki."

"Na yatanisaidia?"

"Wengine yanawasaidia. Wengine wananuka tu."

Niliyanunua kwa sababu ya ukweli wake.

Sasa, lazima nieleze jambo moja kwa msomaji ambaye hakuzaliwa kwetu. Sisi Wakipsigis wa umri wangu hatukulelewa kwa samaki, na kwa kizazi cha mama yangu samaki alihesabiwa ukoo mmoja na nyoka. Hana miguu, hafumbi macho, na anaishi mahali ambapo mtu mwenye adabu huenda kuoga na kurudi. Mke wangu hakuwa mkali kama mama, lakini alipoiona ile chupa alisimama katikati ya jikoni akaishika kwa vidole viwili.

"Huyu hatakaa kabatini mwangu akitazama mursik," akasema, maana maziwa yetu ya kugandisha yalikaa hapo kwenye vibuyu vyake, na yeye aliyaheshimu kama wageni.

Akaenda stoo. Huko nyuma ya mlango, kwenye msumari, kulikuwa na kibuyu kidogo chenye kifuniko cha ngozi, kikavu, hakina kazi kwa miaka mingi. Akamimina mafuta yote humo, akafunga, akakirudisha msumarini. Chupa na samaki wake ilikwenda chooni, na hapo tabasamu lake likaishia.

Kila asubuhi nikawa naingia stoo na kijiko, nabana pua, nameza, natafuna tonge la ugali haraka kabla ulimi haujagundua. Mafuta yale yana tabia moja mbaya, kwamba hayakubali kukaa kimya. Utayameza saa moja, na saa nne, ukiwa mbele ya waumini unatangaza mkutano wa akina mama, yanarudi kukusalimu. Nilijifunza kubeua nikiwa nimefunga mdomo, kwa heshima. Karani wa kanisa, aliyekaa karibu nami kila Jumapili, alianza kusogeza kiti chake kidogo kidogo mpaka akafika upande wa kwaya. Paka wetu yeye alisogea upande wangu. Paka ambaye kwa miaka yote alinijua kama mtu anayemfukuza jikoni sasa alinisindikiza hadi mlango wa kanisa na kuningoja nje kama mwanafunzi mwaminifu.

Magoti? Baada ya miezi kadhaa yalilegea kidogo. Siwezi kuapa kwamba ni mafuta. Huenda ni jua la kiangazi, huenda ni maombi ya mke wangu, huenda ni kwa sababu niliacha kubeba kikapu kilichojaa. Mungu hutenda kwa njia nyingi wala hanipi risiti. Nilipiga magoti tena, nikashukuru.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mafuta yaliisha upesi. Nilirudi Kericho, nikarudi tena, na mke wangu akajaza kibuyu tena na tena.

"Mzee," mwenye duka akaniuliza, "unakaangia maandazi?"

Mke wangu naye alinitazama kwa jicho la pembeni. "Ulafi umekuingia uzeeni."

"Ni paka," nikasema.

"Paka anafungua kifuniko cha ngozi, anakunywa, anafunga, anarudisha msumarini?"

Nikachukua kikapu, nikaenda shambani.

Miezi hiyo hiyo, mama yangu alibadilika. Aliishi katika boma letu tangu baba alipofariki, nyumba yake ikiwa ng'ambo tu ya stoo. Kwa miaka yote alikuwa amemwita mke wangu "yule", kwa upole, lakini "yule". Sasa ghafla akaanza kumwita "binti yangu". Alimsifu mbele ya wanawake wa kanisa kwamba mwanamke kama huyu, anayekumbuka mambo ya zamani bila kuambiwa, hapatikani siku hizi. Alimpa kibuyu chake kizuri kuliko vyote, kile cha shanga. Siku moja mke wangu alikuja shambani akipumua kwa nguvu, akasimama kati ya mistari ya chai.

"Mama yako ananipenda," akasema. "Nimemkosea nini?"

Tulicheka mpaka nikashika kichaka cha chai nisiviringike.

Lakini kicheko kilipungua, maana mama alianza kuugua. Kichwa kilimuuma kila siku. Midomo ilimpasuka na kumenyuka kama ganda la kitunguu. Akifungua kitambaa cha kichwa, nywele zinabaki kwenye kitambaa. Chakula kilimchefua. Kanisa liliomba. Nilimsihi twende hospitali, akakataa kata kata.

"Dawa yangu ninayo," akasema.

Nilidhani anamaanisha maombi, nikamsifu kwa imani yake.

Katika hali hiyo ndipo uchumba wa binti yangu ulipokwama. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kijana aliyemtaka alikuwa tabibu katika kituo cha afya, mwenyeji wa upande wa Sigor. Watu walimwita daktari. Alikuwa mtaratibu, mcha Mungu, mwenye viatu safi hata wakati wa matope. Kasoro yake ilikuwa moja, kwamba alisomea Kisumu. Siku ya kwanza aliyokuja kwetu na wazazi wake, mama yangu alimkaribisha vizuri, akamuuliza kwa upole, "Na huko ulikosoma, mjukuu wangu, chakula gani kilikupendeza?"

Kijana akajibu bila hofu yoyote, "Samaki, Kogo."

Kogo ndilo neno letu la kumwita bibi. Mama aliweka kikombe chake chini.

"Mdomo uliomla huyo," akasema, "hautaniita Kogo."

Na kwetu, neno la mama halikuwa la kupita. Katika mapatano ya ndoa, tunayoyaita koito, mambo yote yakishasemwa, mwanamke mkubwa wa boma huchukua samli na kuwapaka wazee wa pande zote mbili na wale wawili wanaooana, mashavuni na kwenye paji la uso. Bila samli hiyo, mmekunywa chai tu mkaachana. Na mwanamke mkubwa wa boma letu alikuwa amekunja mikono yake kifuani.

Binti yangu hakulia. Yeye akikasirika hufua. Alifua nguo zote chafu, kisha akafua safi, kisha akachukua mapazia. Boma lote lilining'inia kwenye kamba. Akaniambia, akikamua shuka, "Baba, nitamngoja huyu huyu. Lakini Kogo akiondoka duniani bila kunipaka, sitaolewa kwa furaha. Nataka vyote viwili."

Nilimwambia avumilie, tuombe. Tukaomba, na wakwe wakakubali kuja mara ya pili.

Walikuja Jumamosi mchana, mvua ikiwa imekatika. Baba na mama wa kijana, kijana mwenyewe, na mjomba wake, mtu mwembamba mwenye maneno mengi aliyechaguliwa kuwa msemaji. Tulisalimiana, chamgei hapa, chamgei pale, mursik ikamiminwa, majivu ya mkaa tunayotia kuleta ladha yakiwa yamejichora vizuri kama wingu la mvua. Mjomba akasifu mursik, akasifu ng'ombe waliotoa maziwa, akasifu nyasi walizokula. Mama yangu alikaa kwenye kona, amejifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, uso ameuelekeza ukutani.

Mjomba alipomaliza kusifu kila kilichosifika, akamgeukia yeye.

"Mama, tumerudi kama mbwa aliyefukuzwa. Tuambie tufanye nini."

"Kijana aape," mama akaujibu ukuta. "Aape mbele ya wote kwamba hatamla tena yule kiumbe, wala hatamsifu."

Mjomba akafurahi, akampiga kijana begani. "Rahisi! Apa, twende kwenye mambo ya ng'ombe."

Kijana akasimama. Binti yangu alikuwa mlangoni na birika la chai.

"Kogo, nisamehe," kijana akasema. "Kutokula naweza. Lakini kila wiki nawaambia wagonjwa wangu wale samaki, hasa wenye shida ya moyo. Nikiapa kutomsifu nitakuwa nimeapa uongo, na Jumatatu nitavunja kiapo kabla ya saa tatu."

"Umesikia?" mama akauambia ukuta. "Anawafundisha na wengine."

Mjomba akafunika uso kwa kofia. Mama akashika kichwa kwa mikono miwili. "Ameniongezea maumivu. Mjukuu wangu, niletee dawa yangu, iko stoo nyuma ya mlango."

Binti yangu akatoka, birika likiwa bado mkononi, akarudi na kile kibuyu kidogo chenye kifuniko cha ngozi.

Mke wangu alinishika mkono wa koti. Nilitazama kibuyu, nikamtazama mke wangu, nikatazama tena kibuyu. Mama akafungua, akainua, akapiga funda, akapiga lingine, akajifuta midomo yake iliyopasuka, akafumba macho kwa raha.

"Ni dawa gani hiyo, Kogo?" kijana akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena ya mchumba.

"Usiniite Kogo. Ni samli ya zamani, samli iliyokaa mpaka ikawa na nguvu. Binti yangu huyu," akamwonyesha mke wangu, "alinijazia kibuyu changu mwenyewe, kile nilichotoka nacho kwa mama yangu, akakitundika bila maneno, kama wanawake wa zamani walivyofanya. Nami sikumuuliza, maana zawadi kama hiyo haiulizwi. Inanywewa."

Mke wangu alitoa mlio mdogo kama wa kifaranga.

"Unakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Vidole vyangu vilivyokuwa vigumu vililegea. Nikipungukiwa, nakuta kimejaa. Mungu ambariki."

"Na kichwa kilianza kuuma baada ya kuanza samli hii? Na midomo? Nywele zinatoka?"

Mama akageuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza. "Nani amekuambia habari za nywele zangu?"

Kijana akaomba kibuyu kwa mikono miwili. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akanitazama mimi, na paka, ambaye alikuwa ameingia na kukaa miguuni pa mama, naye akanitazama mimi. Nilijaribu kusema kwa macho kila ambacho mdomo ulishindwa kusema. Kijana akaelewa, maana aliinamisha kichwa.

Mjomba alikuwa amekaa karibu, naye akanusa kidogo. Akamvuta kijana suruali. "Nyamaza," akanong'ona, lakini mnong'ono wake ulifika jikoni. "Mwambie aache tu. Usiseme ni nini. Umeshapoteza mke mara mbili, usimpoteze ya tatu."

Kijana akapiga magoti mbele ya mama yangu. Nilitamani magoti kama yale.

"Kogo, hii si samli. Ni mafuta ya samaki. Yametolewa kwenye ini lake. Ni dawa nzuri kwa kijiko, lakini wewe umeyanywa kama maziwa. Yana kitu ambacho mwili hauwezi kukitoa upesi, kinajaa ndani, kinaumiza kichwa, kinakausha ngozi, kinang'oa nywele, na mwishowe ini lenyewe linaumia. Tafadhali usinywe tena. Ukinifukuza nifukuze, lakini kibuyu nitaondoka nacho."

Nje, shuka la binti yangu lilipigapiga kwenye kamba.

"Samaki," mama akasema. "Yule wa majini?"

"Wa majini, Kogo."

"Mwenye macho?"

"Mwenye macho."

Mama akamgeukia mke wangu. "Na wewe? Si wewe uliyenitengenezea samli?"

"Mama," mke wangu akasema, na machozi yalikuwa karibu, "ni dawa ya magoti ya mwanao. Mimi nilikuwa natupa chupa tu."

Midomo ya mama ilianza kucheza, nikadhani analia, nikainuka. Kumbe kilikuwa kicheko kinachotafuta njia. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikamtikisa mabega, kitambaa kikaanguka, nywele zake chache zikaonekana, naye hakujali. Alimnyooshea kijana kidole.

"Huyu," akasema akivuta pumzi, "amemla kwa sahani. Mimi nimemnywa kwa kibuyu! Mimi nimemzidi!"

Ndipo nyumba ikalipuka. Mjomba alicheka hadi kofia ikaingia kwenye mursik. Mama wa kijana alimkumbatia mke wangu, wakayumba pamoja kama walevi, wanawake wawili wasioonja pombe maishani. Binti yangu aliweka birika sakafuni, akaketi pembeni yake, akacheka huku anafuta macho kwa kitambaa cha birika.

Kicheko kilipotulia, koito likageuka kliniki. Mama wa kijana alisema binti yake mkubwa ni mjamzito na jirani amempa mafuta hayo hayo, je, anywe? Kijana akasema hapana, ya ini asiyaguse wakati wa mimba bila kumwona daktari, kwa sababu kile kile kinachomwumiza Kogo kinaweza kumdhuru mtoto. Nami nikauliza kuhusu pua yangu, ambayo ilitoka damu nikiwa nasoma somo Jumapili iliyopita, ikachafua shati jeupe.

"Unatumia dawa nyingine, Baba?"

"Aspirini tu. Asubuhi na jioni, kwa ajili ya magoti."

"Na mafuta juu yake?"

"Na mafuta juu yake."

Akatikisa kichwa. Alisema aspirini inafanya damu ichelewe kuganda, na mafuta yanaweza kusukuma upande huo huo, kwa hiyo nije kituoni tuongee kabla sijaendelea na vyote viwili. Nikamuuliza kama mafuta yenyewe ni kitu cha maana au nimenuka bure. Akasema si muujiza wala si sumu. Wapo wenye maumivu ya viungo wanaopata nafuu kidogo, wapo wasiopata lolote, na watoto wasioona jua mifupa yao husaidiwa. Lakini mtu mwenye meno afadhali ale samaki mwenyewe, mara mbili kwa wiki, aliyechomwa vizuri.

"Na mgongo wangu je?" mjomba akauliza, akikamua kofia. Kisha akajikumbuka. "Ngojeni. Tulikuja kuomba mke au kutibu boma?"

Kila mtu akamtazama mama.

Mke wangu, aliyekuwa na matumaini kuliko mimi, alikuwa ametengeneza samli mpya alfajiri, ya kweli, ya njano, na kuificha chini ya kitambaa. Akaileta akiwa amepiga goti. Mama akainusa, akatabasamu.

"Hii weka," akasema. "Hii nitainywa, maana sasa unanidai mapenzi kwa haki. Nipe kile kibuyu."

"Mama," nikasema, "daktari amekukataza."

"Amenikataza kukinywa. Hajanikataza kupaka. Au umenikataza, daktari?"

Kijana akasema hapana, hakuna kitabu kinachokataza.

"Basi sogea hapa, mla samaki. Ungeweza kunidanganya ukapata mke leo leo, lakini hukunidanganya. Mtu wa namna hiyo namtaka karibu na mjukuu wangu."

Akamimina kiganjani, akampaka kijana mashavu na paji la uso, akampaka kwa wingi, bila huruma. Akampaka binti yangu. Akampaka baba na mama wa kijana, akatupaka mimi na mke wangu, akampaka mjomba ambaye alifumba macho na kushikilia pumzi. Harufu ilijaa nyumba. Nilisimama kuomba, na kwa furaha nikapiga magoti, na magoti yalikubali. Nilimshukuru Mungu anayetumia hata kiumbe asiye na miguu kutembeza habari njema. Sikumaliza vizuri, kwa sababu paka wetu alikuwa amewaita wenzake, na wakati wa amina paka watatu wa majirani walikuwa mlangoni, wakilia kwa kupokezana kama kwaya.

Wakwe waliondoka wakinuka, nasi tuliwasindikiza hadi barabarani tukinuka. Baadaye mjomba alituambia kwamba paka wa Sigor walimpa heshima wiki nzima.

Mkwe wangu alimpeleka mama hospitali mwenyewe Jumatatu ile ile, wakampima, na ini lake, kwa neema ya Mungu, lilikuwa halijaharibika. Kichwa kilipoa polepole, midomo ikapona, na kufikia siku ya harusi nywele zilikuwa zimeanza kuota, laini kama za mtoto, naye akakataa kuzifunika. Mke wangu alimtengenezea samli kila mwezi, na hakuwahi tena kuitwa "yule". Mimi nikaacha aspirini na kibuyu kwa pamoja, nikapata fimbo nzuri.

Binti yangu na mumewe walipopata nyumba yao, walimwalika mama chakula cha mchana. Mezani kulikuwa na ugali, mboga, kuku, na kwenye sahani ndogo kando, samaki mmoja wa kukaanga, kwa mwenye nyumba. Mama alimtazama samaki, samaki akamtazama mama. Mkwe wangu, kwa utani, akamsogezea sahani.

"Karibu, Kogo."

Mama akairudisha kwa kidole kimoja, kwa adabu kamili.

"Asante, mjukuu wangu. Kula wewe. Fungu langu nilishamaliza."